Dondoo muhimu: Kutunza michoro iliyo ndani ya piano za kale

Katika karne ya 19, hasa Marekani, watengenezaji wengi wa piano walipaka fremu ya chuma rangi ya dhahabu, kisha wakaipamba kwa mkono kwa maua na mistari myembamba. Ukiwa na piano kama hiyo, zingatia haya:

• Tazama kwanza. Fungua kifuniko na umulike tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa pembeni hufichua alama za brashi na rangi iliyoanza kubanduka.

• Maji ni mwiko, kwani baadhi ya rangi za kale huyeyuka majini. Kwa mfano, ukoo wa Ruckers wa Antwerp, waliotengeneza hapsikodi, mtangulizi wa piano, walichora maua, ndege na wadudu kwenye ubao wa sauti kwa rangi za maji. Kitambaa kibichi huweza kuzifuta. Epuka pia dawa ya kung'arishia fanicha.

• Ondoa vumbi taratibu. Tumia brashi laini, kavu. Palipobanduka, usipaguse.

• Piga picha kabla ya kubadilisha nyuzi. Nyuzi zikitolewa, mafundi wengine huipulizia fremu rangi mpya, na michoro ikapotelea chini yake. Andika kwenye makubaliano na fundi kwamba fremu haipakwi.

• Iepushe piano na jua na unyevu unaobadilika. Mbao hutanuka na kusinyaa, rangi hupasuka.

• Usijazie rangi mwenyewe. Ua lililofifia lina thamani zaidi kuliko lililochorwa upya ovyo. Mwachie mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale.