Hifadhidata ya Zabbix inakwama

SWALI: Nasimika Zabbix ofisini ili tufuatilie swichi na ruta zetu. Nimeunda hifadhidata ya MySQL 8, lakini uingizaji wa majedwali unakatika njiani. Nifanyeje? Na diski ya ukubwa gani itatosha?

JIBU: Kwanza soma ujumbe wa kosa. Ukitaja log_bin_trust_function_creators, umeshapata jibu: MySQL 8 huwasha kumbukumbu za binari yenyewe, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda vichochezi. Ingia kama root, weka thamani hiyo kuwa 1, kisha futa hifadhidata iliyoishia nusu, usijaribu kuiendeleza. Iunde upya kwa utf8mb4 na utf8mb4_bin, uingize server.sql.gz. Faili hilo huchukua muda wake bila kuandika chochote kwenye skrini, kwa hiyo vuta subira. Likimalizika, rudisha thamani kuwa 0. Nenosiri liandike kwenye DBPassword ndani ya zabbix_server.conf.

Suala la diski ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana wengi hulikumbuka seva ikishajaa. Piga hesabu: vipimo 3,000 vinavyosomwa kila sekunde 60 ni thamani 50 kwa sekunde. Ukizitunza siku 30, zinafika milioni 129.6, kwa takriban baiti 90 kila moja, ni kama GB 11, bila kuhesabu mienendo na matukio. Vipimo vya maandishi hula zaidi. Ili kuokoa nafasi, usisome kila kitu kwa kasi moja: hali ya bandari ya swichi inatosha kusomwa kila dakika. Jina la kifaa, mara moja kwa siku.