Lugha ya Mama na Daawa: Funzo Kutoka Punjab



Ndugu zangu katika imani, Suratu Ibrahim, aya ya 4, inatufundisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Tuitazame maana hiyo kupitia Kipanjabi.

Jina Punjab lina maana ya mito mitano. Tangu 1947 nchi hiyo imegawanywa kati ya Pakistani na India. Pakistani huandika Kipanjabi kwa Shahmukhi, hati ya herufi za Kiarabu na Kiajemi, kama Kiswahili kilivyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu. India hutumia Gurmukhi.

Lahaja ni nyingi. Kimajhi cha Lahore na Amritsar ndicho msingi wa lugha sanifu. Kimalwai na Kidoabi viko India, na Kipothohari kiko upande wa Rawalpindi. Multan kuna Kisaraiki: wapo wanaokiita lahaja, lakini wenyewe husema ni lugha kamili. Kipanjabi pia kina toni. Ukishusha sauti, neno ni "farasi". Ukiiacha sawa, ni "mjeledi".

Baba Farid wa Pakpattan, katika karne ya 13, alikuwa mwanachuoni, lakini anakumbukwa kwa mashairi ya lugha ya wenyeji. Katika karne ya 18 Bulleh Shah wa Kasur alifuata njia hiyo. Mkulima asiyejua Kiajemi aliwasikia akaelewa.

Leo mambo yamegeuka. Shule za Punjab ya Pakistani hufundisha kwa Kiurdu na Kiingereza. Wazazi wengi wa mjini huwasemesha watoto Kiurdu, wakidhani Kipanjabi ni lugha ya washamba. Bibi husimulia, mjukuu hawezi kumjibu.

Je, sisi tuko mbali na hali hiyo? Tunarudi likizo tukiwa na istilahi za Kiarabu na Kiingereza cha darasani, lakini mama akiuliza maana ya tawhidi kwa lugha ya kijijini, tunababaika. Suratu Ar-Rum, aya ya 22, inataja tofauti za lugha kuwa miongoni mwa ishara za Allah. Basi tusiionee haya ishara Yake. Likizo hii, kila mmoja wetu ajifunze kueleza nguzo tano kwa lugha ya mama yake.

Wabillahi tawfiq.