Nimeziacha kozi tatu njiani, sasa nishike ipi?

Shikamoo Shangazi. Nimemaliza diploma ya kompyuta hapa Morogoro, nataka kazi ya kutengeneza tovuti. Kaka yangu ananihimiza nisome PHP kwa kuwa ndiyo iliyompa ajira. Ninayepanga naye chumba anasema PHP imekufa, nisome React. Wengine wananivutia kwenye Python. Kwa mwaka mmoja nimeanza kozi tatu, zote nimeziacha. Mama anauza nafaka ndipo nipate bando, na ameanza kuuliza nitaajiriwa lini.
Njia Panda, Kihonda

Marahaba mwanangu. PHP haijafa. Ipo tangu 1995, na WordPress, inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, imeandikwa kwa PHP. Tovuti hizo zinataka watunzaji. Seva za PHP nazo hukodishwa kwa bei ndogo, ndiyo maana shule, nyumba za wageni na maduka huangukia huko. Kaka yako hajakudanganya.

Mwenzako naye ana hoja. JavaScript ndiyo inayofanya kazi ndani ya kila kivinjari, kwa hiyo hata ukisoma PHP utaihitaji. Ila React ni zana tu iliyojengwa juu ya lugha hiyo, ikatolewa 2013, na zana hupitwa. AngularJS, zana ya Google, ilitoka 2010, vijana wakaikimbilia. Mwaka 2016 likatoka toleo jipya lililoandikwa upya kabisa, na tangu 2022 ile ya kwanza haihudumiwi tena. Walioijua JavaScript yenyewe walihama salama. Waliokariri zana walirudi darasani, na inaniuma, maana walikuwa wamejituma kweli.

Shika PHP, SQL (lugha ya hifadhidata) na JavaScript tupu kwa miezi sita. Python ni nzuri, hasa kwa kazi za takwimu, lakini hukuniambia kwamba takwimu zinakuvutia.

Zile kozi tatu zinanitia wasiwasi kuliko lugha utakayochagua. Mwajiri atataka kuona kitu ulichokimaliza, kinachotumika. Mwuza nafaka hakosi daftari la wadaiwa. Muombe mama lake, ulitengenezee mfumo: nani kachukua gunia ngapi, kalipa kiasi gani kwa simu, kabakiza nini. Akikuambia hesabu haikubali, kaa naye dukani mpaka ikubali. React utaisoma baada ya hapo.