MTO MDOGO NA ZIWA LA MAGADI

Mto Magara huteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huingia Ziwa Manyara. Ukilinganishwa na ziwa, mto huu ni mdogo sana. Hata hivyo, mito midogo ya namna hii ndiyo kimbilio la samaki wa ziwani wakati wa ukame.

1. Chanzo cha magadi

Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke, na chumvi zilizoletwa na mito hubaki. Chukua mfano wa pipa lenye lita 100 za maji na gramu 500 za chumvi, yaani gramu 5 kwa kila lita. Nusu ya maji ikigeuka mvuke, kila lita itakuwa na gramu 10. Chumvi haikuongezeka, maji ndiyo yaliyopungua. Wanafunzi wa Gehandu na sehemu nyingine za Hanang wanaweza kulithibitisha jambo hili katika Ziwa Balangida, ambalo likikauka huacha chumvi juu ya ardhi.

2. Kimbilio la samaki

Perege wa Manyara, Oreochromis amphimelas, hupatikana Tanzania peke yake. Huvumilia magadi kuliko perege wengi, lakini uvumilivu huo una kikomo. Ziwa linapopungua, samaki husongamana penye milango ya mito, ambako maji yana chumvi kidogo. Mvua zirudipo, hao waliosalia ndio mbegu ya ziwa zima.

Kwa hiyo, wingi wa samaki mlangoni mwa mto wakati wa kiangazi si dalili ya neema, bali ya dhiki. Mvuvi anayewazoa wote kwa siku chache huvuna mavuno ya miaka ijayo.

3. Ndoano na kokoro

Jike wa perege huatamia mayai kinywani, na katika siku hizo hula kidogo sana. Basi ndoano ya mtu anayevua kwa kujiburudisha humkosa mara nyingi. Kokoro halichagui: hukokota jike, mayai na vifaranga pamoja. Sumu na baruti, ambazo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imezikataza, huua hata wadudu wanaoliwa na samaki. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, uvuvi hauruhusiwi.

Wanaotafuta burudani mtoni wakumbuke pia kwamba viboko hupenda maji hayohayo, na kwamba konokono wa maji yaliyotulia huweza kueneza kichocho.

Maswali

1. Pipa la mfano likibakiwa na lita 20, kila lita itakuwa na gramu ngapi za chumvi?
2. Kijiji kifunge uvuvi wa mlangoni mwa mto katika miezi ipi? Toa sababu.
3. Mashamba ya juu yakiyamaliza maji ya mto, samaki wa ziwani watapatwa na nini?