Msaidie Bibi, Usimbebe: Jinsi Halmashauri za England Zinavyonunua Huduma ya Kurejesha Uwezo

Leo fungua daftari la Uraia na la Baiolojia kwa pamoja, maana tunachanganya. Tutaona mambo mawili: mwili wa mzee unavyopoteza nguvu, na serikali ya mtaa inavyoweza kutumia fedha za kodi ili nguvu hizo zirudi.

Nianze na nyumbani kwetu. Nikiwa Kidato cha Tatu, bibi mzaa mama alianguka uani akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali tulimpokea kwa upendo wote. Mama mdogo alimwogesha, mimi nikamlisha, binamu zangu wakambeba kwenda chooni. Akitaka kunyanyuka tu, watu watatu tunapiga kelele: "Bibi, tulia, utaanguka tena!" Basi akatulia. Baada ya miezi mitatu miguu yake ilikuwa kama vijiti, na hakutembea tena hadi alipofariki miaka miwili baadaye.

Siwezi kusema kwamba angetembea kwa hakika. Nyonga ya mtu wa miaka zaidi ya 80 si mchezo. Lakini nilipofika chuo kikuu na kusoma somo la uzee, niligundua kwamba sisi hatukumpa hata nafasi ya kujaribu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Je, mwili hufanya nini?

Msuli usiotumika huyeyuka. Kwako wewe kijana, ukilazwa wiki mbili kwa malaria kali, utarudi uwanjani baada ya muda. Kwa mzee habari ni nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Siku 10 tu, na wazee hao walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Na hao hawakuwa wagonjwa! Sasa fikiria mzee aliyevunjika mfupa au aliyepata kiharusi, amelala mwezi mzima, halafu anarudi nyumbani kwa watu kama sisi, wenye upendo wa kubeba.

Huko England wana huduma iliyoundwa kwa ajili ya kipindi hiki hasa. Hapa nitaiita huduma ya kurejesha uwezo. Mhudumu anakuja nyumbani kwa mzee, mara nyingine mara tatu au nne kwa siku, kwa wiki chache. Hafanyi kazi badala ya mzee, anafanya pamoja naye. Wiki ya kwanza anamshika anapoingia bafuni. Wiki ya pili anasimama mlangoni. Wiki ya nne anakaa sebuleni anasikiliza tu maji yanavyomwagika. Mtaalamu wa tiba kazi anapanga malengo na kuleta vifaa: kiti cha kuogea, vyuma vya kushika ukutani, fremu ya kutembelea. Malengo ni ya mzee mwenyewe. Mmoja anataka kupika chai, mwingine anataka kufika dukani au kanisani.

Wahudumu wenyewe husema jambo gumu zaidi ni kuweka mikono mfukoni. Kumvisha mtu soksi ni dakika moja. Kumsubiri avae mwenyewe, akitweta, ni dakika kumi na tano.

Nani analipa?

Hapa ndipo Uraia inaingia. England hospitali ni mali ya taifa na matibabu hayalipiwi mlangoni. Lakini huduma za kumsaidia mtu kuoga, kuvaa na kula nyumbani ni jukumu la halmashauri. (Nasema England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao.) Mwaka 2023 halmashauri zenye jukumu hilo zilikuwa 153, kuanzia mikoa mikubwa ya mashambani hadi mitaa ya London.

Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 ndiyo msingi. Inaiambia halmashauri kwamba isisubiri mtu azidiwe. Ni lazima ichukue hatua za kuzuia au kuchelewesha hali ya kuhitaji msaada. Kanuni zake zinasema huduma ya kurejesha uwezo ikitolewa, mtu asitozwe hata senti kwa muda wa hadi wiki 6. Awe tajiri, awe fukara, ni bure. Baada ya hapo, kama bado anahitaji msaada, halmashauri inapima mahitaji yake na mfuko wake. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida atajilipia, ingawa nyumba anayoishi haihesabiwi akihudumiwa humo humo.

Sasa tazama ugomvi uliojificha hapo. Mzee akikaa hospitali bila sababu, gharama ni ya hospitali. Akienda nyumbani, gharama ni ya halmashauri. Mifuko miwili, mzee mmoja katikati! Ndiyo maana tangu Aprili 2015 kuna mfuko wa pamoja ambamo huduma ya afya ya taifa na halmashauri huweka fedha na kukubaliana matumizi, na huduma ya kurejesha uwezo ni mojawapo ya mambo yanayolipiwa humo.

Kuagiza huduma: si kama kununua madawati

Halmashauri ikitaka huduma hii ina njia tatu. Ya kwanza ni kuajiri timu yake yenyewe. Ya pili ni kuunda kampuni inayomilikiwa na halmashauri, kama Essex walivyofanya mwaka 2009. Ya tatu ni kutangaza zabuni na kupata kampuni binafsi au shirika la hisani. Wengi huchanganya.

Lakini kabla ya yote, afisa wa halmashauri lazima ajue anahitaji kiasi gani. Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya somo, ila njia ndiyo yenyewe.

Tuseme kila wiki wazee 20 wanatoka hospitali wakihitaji huduma hii, na kila mmoja anakaa nayo wiki 5. Kwa hiyo wakati wowote kuna wazee 20 × 5 = 100. Kila mmoja anahitaji saa 10 kwa wiki, jumla saa 1,000. Mhudumu ameajiriwa saa 37 kwa wiki, lakini toa safari za nyumba hadi nyumba, vikao, mafunzo, likizo na siku za kuugua. Zinabaki kama saa 22 za kuwa na wazee. Gawanya 1,000 kwa 22, utapata 45 na kitu. Unahitaji wahudumu 46.

Sasa ngoja nikuonyeshe mtego. Kuna wazee ambao wiki 5 zikiisha bado wanahitaji msaada wa kudumu, na mhudumu wa kudumu hajapatikana. Huwezi kuwaacha peke yao. Kwa hiyo wanabaki kwenye timu ile ile. Kama wastani ukipanda kutoka wiki 5 hadi 7, wazee wanakuwa 140, saa 1,400, na wahudumu wanaohitajika ni 64. Hakuna aliyeongezeka kuugua! Foleni tu ya mbele imeziba, na kule hospitali vitanda navyo vinaziba. Afisa asiyeijua hesabu hii atailaumu timu bure.

Ikiwa ni zabuni, halmashauri inaandika hati inayoeleza huduma inayotakiwa. Inatangaza. Wanaoomba wanapewa alama za ubora na alama za bei, na uzito wa kila upande unatajwa mapema ili kila mtu aone. Tangu Februari 2025 taratibu hizi zinaongozwa na Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2023. Ipo pia sheria ya mwaka 2012 inayowataka wanunuzi wa huduma za umma wafikirie faida kwa jamii nzima, mathalani ajira kwa vijana wa eneo hilo. Na mtoa huduma lazima awe amesajiliwa na tume ya taifa inayokagua ubora, ijulikanayo kwa kifupi kama CQC.

Yote hayo ni makaratasi. Kwa maoni yangu, swali linaloamua kama mzee atatembea au la liko kwenye ukurasa wa malipo.

Sikiliza kwa makini. Kwa miaka mingi halmashauri zimenunua huduma za nyumbani kwa saa na dakika. Kampuni inatuma mhudumu, anapiga hodi, anamaliza kazi zilizoandikwa, anaondoka, kampuni inadai dakika zake. Mwaka 2012 chama cha wafanyakazi UNISON kilitoa mkataba wa maadili kikizitaka halmashauri ziache ziara za dakika 15. Lakini hata ukiongeza dakika, tatizo lingine linabaki. Ukinilipa kwa saa, na mzee akipona, mimi napoteza saa. Mzee akibaki hoi, mimi nakula. Sisemi kwamba wahudumu ni watu wabaya, la hasha! Ila mkataba wa namna hiyo unamlipa mtu kwa kubeba, haumlipi kwa kuacha kubeba.

Halmashauri ya Wiltshire, kusini-magharibi mwa England, iliamua kujaribu njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ikawaambia watoa huduma: tutawalipa kwa matokeo. Mzee na mtaalamu wanakubaliana lengo, tuseme kupika chakula cha mchana mwenyewe. Lengo likishindikana kwa uzembe, malipo yanapungua. Mzee akifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, kampuni haipotezi fedha.

Nzuri, siyo? Ndiyo, lakini usishangilie bado. Ukimlipa mtu kwa matokeo atatamani wateja rahisi. Bibi mwenye nyonga iliyovunjika na akili timamu, karibu! Babu mwenye ugonjwa wa kusahau, samahani, timu imejaa. Ndiyo sababu hati nzuri inataja wazi nani haruhusiwi kukataliwa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017, uliotolewa na taasisi ya NICE, unasema mtu asinyimwe huduma hii kwa sababu tu ana ugonjwa wa kusahau au anaishi katika nyumba ya kulelea wazee.

Je, inafanya kazi kweli?

Kipimo kimoja kilichotumika kwa miaka mingi ni hiki: kati ya wazee wa miaka 65 na zaidi waliotoka hospitali wakapewa huduma hii, wangapi bado wako nyumbani kwao siku ya 91? Katika England nzima jibu limekuwa takriban wanne katika kila watano. Ni habari njema, lakini jiulize kama mwanasayansi: bila huduma wangekuwa wangapi? Kipimo hicho hakisemi.

Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya York na Kent walitoa ripoti baada ya kufuatilia watu kama 1,000 katika halmashauri 10. Nusu ya halmashauri zilikuwa na huduma hii na nusu zilikuwa na huduma ya kawaida. Waliopata huduma ya kurejesha uwezo walisema maisha yao yameboreka zaidi, na gharama za huduma zao za baadaye zilikuwa chini kwa asilimia 60. Kumbe! Lakini huduma yenyewe ni ghali mwanzoni, hivyo kwa mwaka huo wa kwanza jumla ya fedha ilikaribia kulingana. Halafu mwaka 2016 mapitio ya kimataifa ya Cochrane yalitafuta majaribio ya uhakika yakapata mawili tu, la Norwei na la Australia, na yakasema ushahidi bado ni dhaifu. Hata hivyo Denmark walikuwa wameshaamua: sheria yao iliyoanza Januari 2015 ilizitaka halmashauri zitathmini kama mzee anaweza kurejeshewa uwezo kabla ya kumpa msaada wa kudumu.

Diwani akiniambia kwamba huduma hii itaokoa mamilioni mwaka huu huu, nitamwomba anionyeshe hesabu. Akisema kwamba bibi ataoga mwenyewe, nitampa kura.

Kwa nini nikueleze ya England?

Sababu moja ni kwamba wengi wenu mnaniuliza kuhusu kazi za kulea wazee Uingereza. Kuanzia Februari 2022 wahudumu wa kawaida kutoka nje waliruhusiwa kuajiriwa huko, na vijana wengi wa Afrika wakaenda. Lakini tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje kwa kazi hiyo ulifungwa. Kwa hiyo dalali akikuambia utoe fedha akupatie nafasi hiyo, ujue anakutapeli.

Sababu ya pili ni bibi yako. Hana halmashauri ya kumletea mhudumu, ana wewe. Ila kwanza muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni uzito gani mguu unaruhusiwa kubeba na ni lini aanze kusimama. Usianze kwa kubuni.

Zoezi

1. Rudia hesabu yetu wazee wakiwa 30 kwa wiki badala ya 20, na mengine yote yabaki kama mwanzo (wiki 5, saa 10, saa 22). Wahudumu wangapi wanahitajika?

2. Igizeni kikao cha baraza la madiwani. Upande mmoja mnataka kampuni ilipwe kwa saa, upande mwingine kwa matokeo. Mwalimu awe mzee mwenye ugonjwa wa kusahau na aulize maswali.

3. Kama nyumbani kuna mzee anayesaidiwa, mwangalie kwa siku moja bila kusema kitu. Andika kila anachofanyiwa. Jioni mkalie karibu, umwamkie, umuulize: "Katika haya, lipi ungependa kulifanya mwenyewe?" Tuletee jibu lake, si lako.

(Jibu la swali la 1: 69. Kama umepata 68, mzee mmoja hajaoga.)