Jaketi Okozi na Kompyuta ya Parokia: Je, Ni Haki Usalama Kuuzwa Pembeni?



Katika likizo iliyopita tulikuwa kwenye kazi za kichungaji katika parokia moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Umatengo. Asubuhi moja katibu wa ofisi, mama mtu mzima anayetunza kumbukumbu za ubatizo na ndoa, alituita. "Mafrateri, hebu njoni msome. Mashine inasema muda wake umekwisha, na tukitaka ulinzi tulipie. Kwani tulipoinunua hatukulipia?"

Swali la mama huyo ni swali la falsafa ya maadili, nasi tuliondoka nalo. Je, anayeuza kitu anaweza kuuza usalama wa kitu hicho kwa bei ya pembeni?

Jambo lenyewe

Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni iliacha kuipatia bure masasisho ya usalama, yaani vile viraka vinavyoziba mianya ambayo wadukuzi huweza kupitia. Aliyetaka kuendelea kuvipata alitangaziwa bei. Kwa mtu binafsi ni dola 30 kwa mwaka mmoja, zaidi ya shilingi 70,000. Kwa mashirika ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Kuna njia nyingine ya kuhamia Windows 11 bila malipo, lakini kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti yake, hata kama bado zinafanya kazi vizuri. Na ofisi zetu nyingi zinatumia kompyuta za mtumba.

Tuwe wakweli: mtu binafsi alipewa pia nafasi ya kupata viraka bila fedha, kwa mfano akikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya kampuni. Lakini Septemba 2025, baada ya vyama vya kutetea walaji kulalamika, watumiaji binafsi wa nchi nyingi za Ulaya waliondolewa hata sharti hilo. Mwanya ni uleule na kiraka ni kilekile. Kilichotofautiana ni nguvu ya mnunuzi.

Tutofautishe kwanza

Walimu wetu husema kwamba asiyetofautisha hafundishi. Kuna mambo matatu yanayochanganywa katika neno "ulinzi".

La kwanza ni huduma ya ziada, kama kumwajiri mtaalamu akeshe akilinda mitambo ya benki. Hiyo ni kazi mpya, na mfanyakazi anastahili ujira wake.

La pili ni kitu kipya kilicho bora zaidi. Hicho nacho kina bei yake.

La tatu ni kurekebisha kasoro iliyokuwamo ndani ya kitu tangu siku kilipouzwa. Mwanya wa usalama katika programu kwa kawaida ni wa aina hii. Mdukuzi hautengenezi. Anaukuta umeachwa na fundi.

Fikirini boti ya abiria itokayo Mbamba Bay. Mwenye boti akitoza nauli zaidi kwa kiti cha kivulini, hatumlaumu. Lakini akisema, "Nauli ni hii, na anayetaka jaketi okozi aongeze," hapo dhamiri inagutuka. Nauli ni ya kufika, si ya kupanda tu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino

Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, Mtakatifu Thoma anajadili udanganyifu katika kuuza na kununua. Tuchukue mafundisho mawili.

Kwanza, muuzaji asiyejua kwamba bidhaa yake ina kasoro hatendi dhambi anapoiuza. Lakini akija kuijua, anawajibika kumfidia mnunuzi. Hili linagusa programu moja kwa moja. Hakuna fundi anayeandika mamilioni ya mistari bila kukosea, na hatumhukumu kwa kutokujua. Wajibu wake unaanza siku anapojua.

Pili, mnunuzi anapokuwa na shida kubwa na kitu, lakini muuzaji hapati hasara ya pekee kwa kukitoa, muuzaji asipandishe bei kwa sababu ya shida hiyo. Hawezi kuuza kisicho chake, na shida ni ya mnunuzi. Kiraka kikishatengenezwa kwa ajili ya wanaolipa, kumpelekea na mama yetu wa ziwani kunagharimu kidogo sana. Basi sehemu kubwa ya bei ile inatoka katika hofu yake.

Maandiko nayo yanatuelekeza huko. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22:8) kinamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka. Anayeagizwa ni mjenzi. Mgeni hatozwi fedha za ukingo.

Pingamizi

Mtu atasema: "Hakuna fundi anayeweza kutengeneza kitu bure milele. Miaka kumi inatosha." Tunajibu kwamba hoja hii ina uzito. Haki haidai yasiyowezekana, na mtengenezaji anaweza kuweka kikomo. Lakini kikomo hicho kijulikane wazi siku ya kununua, na kiendane na maisha ya kawaida ya chombo. Aliyenunua kompyuta mpya mwaka 2020 hakupata miaka kumi, alipata mitano.

Mwingine atasema: "Ulinzi ni mali ya hiari. Asiyetaka asinunue." Hapa tujifunze kwa tukio la mwaka 2023. Wadukuzi waliingia katika barua pepe za taasisi kadhaa zilizotunzwa na Microsoft, zikiwamo ofisi za serikali ya Marekani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ndiyo iliyogundua, kwa sababu ilikuwa imelipia leseni ya juu iliyoonyesha kumbukumbu za nani alifungua nini. Mwenye leseni ya kawaida hakuweza kuziona. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ilitangaza kuwafungulia wateja wengi zaidi kumbukumbu hizo bila nyongeza ya bei. Kumbe iliwezekana.

Isitoshe, kompyuta moja iliyoachwa wazi haimdhuru mwenyewe tu. Wakulima wa Mbinga wanalijua hili kupitia ngoro: shamba la juu lisipochimbwa mashimo, maji huteremka na udongo wa jirani wa chini. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa hivyohivyo kutoka mashine hadi mashine, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Ndiyo maana Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatutaka tupime biashara kwa manufaa ya wote pia.

Nasi je?

Kosa la muuzaji haliondoi wajibu wetu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai vitabu vya parokia vitunzwe kwa uangalifu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Majina ya wabatizwa ni amana.

Basi tuanze na haya. Vitabu vya karatasi viendelee kuandikwa. Nakala ya kumbukumbu iwekwe kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Flashi ya kila mpita njia isichomekwe. Tunaponunua kompyuta ya mtumba tuulize itapata masasisho hadi lini. Tusitumie programu za wizi, maana ni kujibu dhuluma kwa kuvunja amri ya saba, na mara nyingi huja na virusi vyake. Na tukumbuke kuna mifumo huria kama Linux, ambayo masasisho yake hutolewa bure.

Kwa ruhusa ya Baba Paroko, ndivyo tulivyofanya pale ziwani. Printa ilitugomea siku mbili, na mama alinung'unika wiki nzima kwamba kila kitu kimehamishwa mahali pake. Sasa anaandika vyeti kama kawaida. Nasi tunaweza kumjibu swali lake: ndiyo, mama, mlilipia.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

1. Katika biashara zetu, ni kasoro gani tunazozijua na kuzinyamazia?
2. Ni wapi tunapandisha bei kwa sababu tu mwenzetu ana shida?
3. Nani anatunza kumbukumbu za parokia au kigango chetu, na tunamsaidiaje?