Kupona Kalamba baada ya upasuaji wa kifua

Kama umepasuliwa kifua ili kilingane na jinsia yako, na unarudi kuuguzwa nyumbani Kalamba, Makueni, panga maji kabla ya dawa. Jerikeni ya lita 20 ina kilo 20, nawe kwa wiki nne hadi sita hutakiwi kuinua hata robo yake. Kuikokota au kuipandisha juu ya punda ni kosa lilelile, maana misuli inayovuta iko chini ya kidonda kilichoshonwa. Mlipe mwenye punda mapema.

Epuka pia msimu wa shamba. Mvua za Oktoba hadi Desemba zina jembe lake, kisha maembe yanaiva, na kuangua kwa upondo ni kunyanyua mikono juu ya kichwa, jambo linalotanua kovu.

Wageni watakuja, huku mgonjwa haachwi peke yake. “Nimepasuliwa kifua, daktari amenikataza kunyanyua kitu” ni kweli tupu, na inatosha. Lakini awepo mtu mmoja, dada au binamu, anayejua yote, wa kukusaidia kufungua vesti ya kubana na kumwaga mirija ya majimaji. Aandike kiasi na rangi asubuhi na jioni. Vesti ziwe mbili, kwa joto letu moja haitoshi.

Upande mmoja ukivimba ghafla, mrija ukijaa damu, homa ikifika 38, au usaha ukitoka, nenda hospitali ya kaunti, Wote, saa hiyohiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika, huenda ni damu iliyoganda: usingoje kuche. Mweleze daktari wazi ulichofanyiwa. Mlinzi wa getini hahusiki. Kidonda kisipakwe majivu wala majani, hata anayeleta akiwa nyanya unayempenda.

Siku za kulia bila sababu huja, hata kwa aliyeungojea upasuaji huu miaka mingi. Maumivu, dawa za usingizi na kukaa bure huchosha roho. Usiamue kwa haraka kuwa umejuta. Mpigie anayekujua, na huzuni isipoondoka, mwambie daktari.

Karatasi za kubadili jina na jinsia zingoje upate nguvu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Anayekusaidia kisheria aanzie kwenye hukumu hiyo.